Folda Ifunguke Vipi Mbele ya Mtoto?

Mwalimu mwema haingii darasani kabla hajajua ubao wake utapangwaje. Huamua tarehe ikae wapi, mifano ikae upande gani, na sehemu ipi iachwe kwa kazi ya wanafunzi. Ajabu ni kwamba mwalimu huyo huyo, akipewa kipindi katika chumba cha kompyuta, huipokea mashine kama alivyoikuta. Hudhani kwamba namna folda zinavyofunguka ni shauri la fundi. Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Darasa la III ameweka juu ya eneo-kazi la kompyuta folda iitwayo Hisabati, na ndani yake zimo folda za makundi. Anaagiza: "Fungueni Hisabati, kisha fungueni kundi lenu." Katika kompyuta nyingi za siku hizi, folda ya pili hufunguka katika dirisha lile lile, na yale yaliyokuwa yakionekana hutoweka. Mtu mzima hutambua kwamba amesogea hatua moja ndani, na kwamba upo mshale wa kumrudisha. Mtoto aonacho ni kuwa vitu vyake vimepotea. Huanza kubofya ovyo, na mwalimu asiyejua chanzo humwita mzembe.

Yafaa ikumbukwe kwamba utaratibu huo si sheria. Macintosh ya mwaka 1984 ilifungua kila folda katika dirisha lake, na Windows 95 nayo ilianza hivyo. Watengenezaji wa GNOME, eneo-kazi litumikalo katika kompyuta nyingi za Linux, waliurejea utaratibu huo mwaka 2004, kisha wakauacha mwaka 2010. Kila upande una hoja. Dirisha kwa kila folda humwonyesha mtumiaji kwamba kila kitu kina mahali pake. Lakini folda zikiwa nyingi, kioo hujaa madirisha. Ikiwa mafundi wenyewe wamebadili mawazo, kwa nini mwalimu aogope kuchagua?

Maoni yangu ni kwamba, katika masomo ya mwanzo, kila folda ifunguke katika dirisha lake. Tumefundishwa kuanza na kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Mtoto analijua sanduku lililomo ndani ya sanduku. Akilifunga dirisha la pili, analikuta la kwanza nyuma yake kama alivyoliacha, naye anaelewa kwa macho maana ya "ndani" na "nje". Mwalimu naye asizidishe tabaka mbili za folda, ili kioo kisijae. Dhana hiyo ikishaeleweka, turudi kwenye dirisha moja na kuufundisha ule mshale wa kurudi kwa jina lake na kazi yake.

Jambo la pili ni kubofya. Kwa kawaida folda ya Windows hufunguliwa kwa kubofya mara mbili upesi. Vidole vya mtoto mdogo haviwahi. Pengine kipanya huteleza, na badala ya kufungua folda akaihamisha. Wako wanaopendelea kuweka folda zifunguke kwa kubofya mara moja. Chaguo hilo lipo, na hupunguza machozi. Lakini mtoto aliyezoea hivyo atatatizika mbele ya mashine nyingine, na hata kuchagua kitu bila kukifungua kutamsumbua. Mimi napendelea kuiacha mibofyo miwili, ila kasi yake ipunguzwe katika mipangilio ya kipanya, na zoezi la kubofya lipewe muda wake pekee kabla ya somo la folda.

Watasema wengine kwamba mwalimu hana wasaa wa mambo haya. Katika Windows, chaguo la dirisha na chaguo la mibofyo yamo katika ukurasa mmoja wa mipangilio ya folda, pamoja na kitufe cha kurudisha hali ya awali. Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa kila mashine. Kubwa ni kwamba mashine zote ziwe namna moja. Kompyuta mbili zikifunguka kwa namna mbili tofauti, maagizo ya mwalimu yatakuwa ya kweli kwa kundi moja na ya uongo kwa jingine. Tena, mashine ikiwa inatumiwa na ofisi pia, ni adabu kuirudisha ilivyokuwa baada ya kipindi.

Basi, mwanachuo utakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha, andika katika andalio lako la somo namna folda zitakavyofunguka, kama unavyoandika zana nyingine. Kisha fika mapema, ukalie kiti cha mtoto, na ufungue folda hizo mwenyewe. Mtoto akipotea baada ya hapo, utajua kwa hakika amepotelea wapi, wala hutaharakisha kumhukumu.