Barua kutoka Seoul: Korea haikujengwa na tuisheni



Korea Kusini inatajwa sana nyumbani Tanzania siku hizi, na ina sababu ya kutajwa. Daraja la Tanzanite lilijengwa kwa mkopo wa Korea, hospitali ya Mloganzila vilevile, na treni za umeme zinazokwenda Dodoma zimeundwa na Hyundai Rotem. Basi kwenye magrupu ya familia nchi hii imekuwa hoja ya kumaliza ubishi. Mtoto wa darasa la pili akisinzia juu ya daftari, anaambiwa wenzake wa Korea saa hizi bado wako darasani. Shangazi akiomba mchango wa tuisheni ya likizo, hafungi ujumbe wake bila kukumbusha kwamba mwaka 1960 Wakorea walikuwa maskini kama sisi, wakasoma usiku na mchana, wakatoka.

Walio huku na watoto wao wanaona mambo tofauti kidogo, na shangazi anastahili kuyasikia kabla mchango haujapitishwa.

Mtoto wa darasa la kwanza mjini Seoul hutoka shuleni mapema, saa saba au saa nane mchana, akiwa ameshakula chakula cha shule kisicholipiwa. Baba na mama wako kazini mpaka jioni. Getini vimejipanga vibasi vya njano vya hagwon, yaani vituo vya masomo ya kulipia: hiki cha taekwondo, kile cha piano, kingine cha hesabu, kingine cha Kiingereza. Mtoto anashushwa hapa, anapakiwa pale, hadi mzazi mmoja atoke kazini. Sehemu kubwa ya kinachosifiwa nyumbani kama bidii ya Wakorea ni namna ya kumtunza mtoto mchana katika nyumba isiyo na bibi wala dada wa kazi.

Sehemu iliyobaki ni mbio zenyewe.

Kwa takwimu za serikali ya Korea za mwaka 2024, wanafunzi 8 kati ya 10 walikuwa na masomo ya kulipia nje ya shule, na wazazi walitoa won trilioni 29.2 kwa mwaka huo mmoja. Mtu angetegemea wakubwa, wenye mtihani mbele yao, ndio waongoze. Sivyo. Sekondari ya juu walikuwa asilimia 67.3, shule ya msingi asilimia 87.7. Mwaka huohuo wizara ya elimu iliangalia pia watoto ambao hawajaanza shule, walio chini ya miaka sita, ikakuta asilimia 47.6 wanalipiwa masomo, kwa wastani wa won 332,000 kwa mwezi, zaidi ya shilingi laki tano za Tanzania. Wanaopelekwa kwenye vituo vya Kiingereza vya watoto wadogo hulipiwa wastani wa zaidi ya won milioni moja na nusu kila mwezi. Vituo vyenye jina havipokei kila anayebisha hodi. Mtoto hupewa mtihani kwanza, na wazazi wamezoea kuuita mtihani wa miaka saba, kwa hesabu ya zamani ya Kikorea ambayo kwetu ni miaka mitano au sita. Kwa hiyo wapo wanaolipia kituo kimoja ili mtoto afaulu kuingia kituo kingine. Mwaka 2025 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea ilitamka kwamba mitihani hiyo inavunja haki za watoto.

Kinachokimbiliwa kiko mbali sana na umri huo. Ni Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika siku moja ya Alhamisi mwezi Novemba. Siku hiyo soko la hisa hufunguliwa saa moja baadaye kuliko kawaida, pikipiki za polisi hubeba waliochelewa, na wakati wa kusikiliza Kiingereza ndege hazitui wala haziruki kwa kama dakika 35. Nchi nzima inanyamaza kwa sababu inajua nafasi za vyuo vitatu vikubwa vya Seoul, na za kampuni kubwa zinazoajiri kutoka huko, hazitoshi wote.

Wakorea wenyewe wamepigana na hali hii kwa zaidi ya nusu karne, na hapo ndipo penye somo kwetu.

Zamani mchujo mkali ulikuwa wa kuingia sekondari ya chini, mtoto akiwa na miaka kama 12. Katika mtihani wa Desemba 1964 mjini Seoul, watoto waliulizwa ni kitu gani kingetumika badala ya kimea katika kutengeneza yeot, peremende ya asili ya nafaka. Jibu la watungaji lilikuwa kimeng'enya cha diastesi. Wapo waliochagua maji ya figili, wakakosa alama hiyo na kukosa nafasi katika shule ya Kyunggi, iliyokuwa juu ya zote. Mama zao waliingia jikoni, wakapika yeot kwa maji ya figili, wakaipeleka ofisi ya elimu viongozi waionje. Kesi ilifika mahakamani mwaka 1965, wazazi wakashinda, na watoto 38 wakapokelewa Kyunggi na shule nyingine za juu.

Serikali iliona aibu. Mwaka 1969 mtihani huo ulianza kufutwa, Seoul ikitangulia. Mbio zikahamia kwenye sekondari ya juu. Mwaka 1974 mchujo wa sekondari ya juu nao ukaondolewa Seoul na Busan, mbio zikahamia chuo kikuu. Mwaka 1980 utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ulipiga marufuku tuisheni. Wenye fedha waliendelea kwa kificho, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikasema marufuku hiyo ni kinyume cha katiba. Sasa Seoul inazitaka hagwon zifungwe saa nne usiku, na mwaka 2009 serikali ilianza hata kuwalipa raia wanaotoa taarifa za vituo vinavyovunja sheria. Kila mlango uliofungwa, wazazi walipata mwingine, na mlango wa sasa unamhusu mtoto mdogo zaidi.

Shangazi aiangalie miaka hiyo vizuri. Gari la kwanza la Hyundai lenyewe, Pony, lilianza kuundwa mwaka 1975, na Seoul iliandaa Olimpiki mwaka 1988, wakati hagwon za masomo ya shule zilikuwa bado zimekatazwa kwa wanafunzi. Kilichokuwepo kabla ya utajiri ni shule ya msingi ya umma. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu kila mtoto wa Korea, wa shamba na wa mjini, alikuwa darasani. Mwaka 1970 darasa la msingi lilikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 60, hali ambayo mwalimu wa Temeke anaielewa bila kuelezwa. Hagwon za watoto wa miaka mitano zimekuja juu ya utajiri uliokwisha kupatikana.

Nao utajiri huo umeanza kukosa warithi. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi Korea kilikuwa 0.72 kwa mwanamke, cha chini kuliko nchi yoyote duniani, na gharama za kusomesha ni moja ya sababu ambazo vijana wa Kikorea huzitaja wanapoulizwa kwa nini hawazai.

Nyumbani Afrika Mashariki nako milango imeanza kufungwa. Kenya ilifanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, na sheria yake ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Tanzania inaelekea kwenye elimu ya msingi ya miaka sita, na mtihani wa darasa la saba nao unaondoka. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na Machi ya mwaka huo wizara ikazuia bweni kwa watoto wa chekechea hadi darasa la nne. Ni hatua nzuri zote. Lakini nafasi za shule nzuri na za kazi nzuri hazijaongezeka kwa sababu hiyo, na presha tayari inashuka kwa wadogo: mtoto wa miaka minne anafanyiwa usaili wa chekechea, wa darasa la kwanza anapanda basi la shule kabla ya adhana ya alfajiri, na Jumamosi imekuwa siku ya sita ya masomo.

Kwa hiyo, shangazi, mchango wa tuisheni hautatumwa kwa mtoto ambaye hajafika darasa la nne. Utatumwa wa vitabu vya hadithi, wa chakula cha mchana shuleni, na wa nauli ya kwenda kijijini likizo. Wengine mlioko ughaibuni, ambao fedha zenu ndizo zinazolipia masomo haya, mnaombwa muulize umri wa mtoto kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Na kwenye kikao cha wazazi cha Januari, mwulizeni mwalimu mkuu mambo matatu, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: mtoto wa chekechea anapimwa kwa nini kabla ya kupokelewa, basi la kwanza linaondoka saa ngapi, na darasa moja lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja. Hilo la tatu ndilo la kulipigania kwa nguvu zaidi.