Ndege Iliyojeruhiwa Nayo Ipewe Njia ya Kutua

MSAFIRI anayepanda ndege huikabidhi roho yake kwa Mola, kwa rubani na kwa mitambo asiyoiona. Mitambo hiyo ndiyo inayosukuma mabapa ya mbawani na mkiani ambayo huiinua ndege, huishusha na kuigeuza. Ikifa yote, usukani alioushika rubani huwa sawa na kasia lisilogusa maji.

Hayo yamekwisha kutukia. Mnamo Agosti 1985 ndege ya Japani ilipasuka upande wa nyuma, ikakosa uongozi, na watu 520 kati ya 524 wakaangamia. Mnamo Julai 19, 1989, ndege aina ya DC-10 ya shirika la United ilipasuka injini ya mkiani ikiwa katika anga ya Marekani, na vipande vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki. Rubani Alfred Haynes na wenzake hawakubakiwa na kitu ila injini mbili za mbawani. Kwa zaidi ya dakika 40 waliiongoza ndege kwa kuongeza nguvu za injini moja na kupunguza za nyingine, hadi uwanja wa Sioux City. Ilivunjika ikitua, lakini watu 184 kati ya 296 waliokoka.

Wataalamu wa NASA walijiuliza: ikiwa binadamu aliweza kwa kubahatisha, je, kompyuta haitaweza kwa hesabu? Mnamo Agosti 1995 walijibu kwa vitendo. Ndege kubwa aina ya MD-11 ilitua salama huko California, kompyuta ikiiongoza kwa nguvu za injini pekee. Hawakuunda injini mpya. Walibadilisha programu za kompyuta zilizokuwamo.

La kusikitisha ni kwamba tangu hapo hakuna sheria iliyozilazimisha ndege za abiria kuwa na uwezo huo. Hoja inayotolewa ni kwamba mikasa ya aina hiyo ni nadra, na kwamba mfumo mmoja ukifa upo mwingine. Mbona basi mitatu ilikufa kwa pamoja mwaka 1989? Mbona ikafa tena mjini Baghdad mnamo Novemba 2003, ndege ya mizigo ilipopigwa kombora, na wahudumu wake watatu wakalazimika kutua kwa injini tu? Jambo nadra si jambo lisilotokea.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta yenyewe haiaminiki. Watatutajia ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 10, 2019 ikija Nairobi, ikaua watu 157, wakiwamo Wakenya zaidi ya 30. Uchungu huo tunaujua. Lakini kompyuta ile iliamini kihisi kimoja kilichokosea, ikaielekeza ndege chini huku marubani wakiivuta juu. Kosa halikuwa kuwapo kwa kompyuta, bali kuundwa kwa kompyuta isiyotarajia hitilafu. Tunachodai ni kinyume chake: kompyuta itakayotambua kiungo kilichokufa na kuvitumia vilivyo hai.

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, nayo imekwisha kuzika watu wake. Wajumbe wetu wana haki, tena wajibu, wa kudai kwamba kila ndege mpya ya abiria iwe na njia hiyo ya mwisho ya kutua. Dawa iliyokwisha kujaribiwa haifai kungoja matanga mengine.