Dagaa Wanahesabiwa, Sponji Je?

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi zilisitishwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Huko Kigoma, Buzebazeba na Ujiji yote, watu wengi wanaishi kwa dagaa hata kama hawajawahi kupanda boti: yupo anayeanika, yupo anayebeba magunia, yupo mama anayepima kwa kopo sokoni. Lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa. Kwamba samaki wamepungua, habishi mtu. Ubishi uko kwenye sababu.

Jibu mojawapo limetoka kwenye tope. Mwaka 2016, Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha matokeo ya kusoma tabaka za tope zilizolala chini ya ziwa kwa takriban miaka 1,500. Ndani yake walihesabu mabaki ya samaki, konokono na vijimea vya majini. Wakabaini kwamba samaki na konokono walianza kupungua muda mrefu kabla ya uvuvi wa kibiashara kuingia. Ziwa limekuwa likipata joto kwa karibu miaka 150, na maji ya juu yakishapata joto hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Rutuba iliyoko chini haipandi, vijimea hupungua, na dagaa hukosa chakula. Katika maeneo waliyoyapima, makazi ya chini yenye oksijeni yalikuwa yamepungua kwa asilimia 38.

Si wote wanaokubaliana kuhusu uzito wa joto. Catherine O'Reilly na wenzake walipoandika mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa vijimea umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki huenda yalishuka kwa takriban asilimia 30, Jouko Sarvala wa Finland na wenzake walijibu kuwa mabadiliko ya uvuvi wenyewe yanaeleza mengi. Mjadala huo ni wa maana kwa mvuvi wa Kibirizi. Kama tatizo ni nyavu tu, kufunga ziwa kunatosha. Kama ni joto pia, kufunga ni nusu ya dawa, naye ana haki ya kuambiwa hivyo.

Hapa ndipo viumbe wasioliwa wanapoingia. Ushahidi wa Cohen haukutoka kwenye takwimu za mialo peke yake. Umetoka pia kwa konokono na vijimea ambavyo hakuna anayevipima kwa kilo. Na kuna mnyama mmoja wa chini ya ziwa anayesahaulika kuliko hao wote: sponji.

Sponji hana mdomo, hana tumbo, hana moyo. Ukigeuza jiwe kwenye maji ya kina kifupi ya ufukwe wenye miamba, unaweza kumkuta kama utando mwembamba ulioganda, unaokwaruza kidole. Ukwaruzaji huo unatokana na mifupa yake, ambayo ni sindano ndogo mno za silika, malighafi ileile ya kioo. Mwili umejaa vitundu, na ndani yake chembe zenye vijimkia huvuta maji bila kupumzika, zikachuja bakteria na chembechembe nyingine, kisha maji yakatoka. Anapokufa, sindano zake hubaki kwenye tope kwa karne nyingi. Kiumbe wa namna hiyo huandika historia ya maji mahali alipo.

Mwanazoolojia Mwingereza John Moore alilifikia ziwa hili mwaka 1896, akarudi mwaka 1899. Alikusanya konokono wenye sura ya kibaharini, yavuyavu mwenye mwili wa rojorojo aliyekwisha kuonwa na Mjerumani Richard Böhm mwaka 1883, pamoja na sponji. Akajenga hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Safari ya William Cunnington ya 1904 na 1905 iliidhoofisha sana hoja hiyo: viumbe hawa wametokana na jamaa wa maji baridi, wakabadilika ndani ya ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka. Sponji wa Moore walichambuliwa Uingereza na Richard Evans, aliyetangaza spishi mbili mpya mwaka 1899. Jinsi sponji anavyoweza kutunza historia ilikuja kuonekana baharini: katika miaka hiyohiyo meli ya utafiti ya Wajerumani, Valdivia, ilikuwa ikivuta nyavu kwenye vilindi vya Bahari ya Hindi mbele ya Afrika Mashariki, ikampata sponji wa kioo aliyepewa jina Monorhaphis chuni. Sindano moja ya aina hiyo, iliyopatikana baadaye karibu na China, ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,000 hivi, na wanasayansi wameitumia kusoma joto la kale la kilindi.

Tangu Evans, sponji wa Tanganyika wameguswa mara chache. Mwaka 2011, Dirk Erpenbeck na wenzake walichunguza vinasaba vyao, wakaona kwamba sponji waliingia ziwani zaidi ya mara moja na kwamba mpangilio wa zamani wa majina una kasoro. Linganisha na samaki: karibu spishi 240 za jamii ya sato na kuhe zimesomwa vinasaba vyake na kundi la Chuo Kikuu cha Basel, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021.

Atakayesema fedha za kuwasoma sponji ni chache, na kwamba zahanati na madawati vinatangulia, anasema la kweli. Pia si haki kumwahidi mtu wa Ujiji kwamba jiwe la Kigoma litatoa dawa. Ni kweli kwamba cytarabine, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, chanzo chake ni kemikali za sponji wa Karibi, lakini bahati ya namna hiyo haipangiwi bajeti.

Hoja nzito ya kuwafuatilia sponji iko Ziwa Baikal, Urusi. Huko sponji wakubwa wa kijani walianza kupauka na kuoza mwanzoni mwa muongo wa 2010, na ugonjwa ukatambulika kwa sababu watafiti walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za ziwa lenye afya. Baikal ina oksijeni mpaka chini kabisa. Tanganyika, yenye kina cha mita 1,470, ina oksijeni katika takriban mita 100 za juu upande wa kaskazini, na kama 200 upande wa kusini; chini ya hapo kuna bakteria tu. Viumbe wote wakubwa wamebanwa kwenye ukanda huo. Mpaka wa oksijeni unapanda kutoka chini, na udongo wa mashamba ya vilimani unashuka kutoka juu kupitia mito kama Luiche, ukifunika mawe na kuziba vitundu vya mnyama anayeishi kwa kuchuja.

Gharama ya kufuatilia haya si ya kutisha. Mawe yaleyale, kwenye vituo vilevile kuanzia ghuba ya Kigoma hadi mdomo wa Luiche, yapigwe picha na kupimwa kila mwaka, joto na oksijeni vikiandikwa papo hapo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Kigoma. Mradi wa mafunzo ya utafiti wa Nyanza, ulioanza mwaka 1998, ulionyesha kuwa vijana wa Kiafrika na Kimarekani wanaweza kufanya kazi hii wakiwa palepale. Sampuli zibaki nchini, na zinazosafirishwa ziende kwa mkataba, si kama za Moore.

Kufunga ziwa ni uamuzi sahihi, ila unamtaka mvuvi ajitoe bila kumpa picha kamili. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iitengee TAFIRI Kigoma fedha za kazi hiyo kila mwaka, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye vikao vya BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, mwaloni, ya dagaa na ya viumbe wa mawe pamoja, kabla boti hazijaamriwa tena kupumzika.