Damu Huchukuliwa kwa Kiswahili, Majibu Hutolewa kwa Kiingereza

Watafiti wa afya wafikapo kijijini, mambo huenda kwa taratibu tunazozijua sote tulio katika utumishi wa umma. Barua hutoka mkoani kwenda wilayani, wilayani kwenda kwa mtendaji wa kata, naye mtendaji huwaita wananchi. Tuseme kata hiyo ni Ihanja, wilayani Ikungi, mkoani Singida, na mwananchi aliyeitwa ni mkulima wa mtama na alizeti ambaye hakubahatika kwenda shule. Husomewa fomu ya ridhaa. Fomu hiyo huandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu hivyo ndivyo kamati za maadili ya utafiti za nchi hii zinavyodai, na zinadai kwa haki. Akikubali hutia dole gumba, na shahidi asiye na upande, ambaye aweza kuwa mwalimu wa shule ya jirani, hutia sahihi kuthibitisha kwamba ndugu huyu ameelewa. Damu hutolewa. Gari huondoka.

Baada ya miaka kadhaa matokeo huchapishwa, na endapo utafiti umezua swali gumu la haki, swali hilo hujadiliwa katika majarida ya maadili ya tiba. Liko Journal of Medical Ethics la Uingereza, lililoanza mwaka 1975. Liko Developing World Bioethics, lililoanzishwa mwaka 2001 mahsusi, kama jina lake linavyotangaza, kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Nchi zinazoendelea ndizo sisi. Lakini lugha yake ni Kiingereza, mchapishaji wake ni Wiley, kampuni ya Marekani, na msomaji asiye na chuo cha kumlipia hukuta sehemu kubwa ya makala zake nyuma ya mlango wa fedha. Sina ugomvi na wahariri wake. Wamechapisha makala nyingi zenye kuwatetea wanyonge. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe.

Wenye umri watakumbuka tulivyofundishwa juu ya pamba na katani: twalima sisi, twauza ghafi, kisha twanunua shati kwa bei wanayopanga wao. Somo hilo tulilielewa vizuri kuhusu pamba. Kuhusu maarifa yanayotokana na miili yetu wenyewe hatujalielewa hata leo, na baya zaidi ni kwamba wanaotuchelewesha kulielewa ni wasomi wetu, ambao wananchi hao hao waliwasomesha.

Tutazame jambo lililotokea. Mwaka 1994 ilithibitika huko Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya AZT hupunguza kwa theluthi mbili hatari ya mama mwenye virusi vya UKIMWI kumwambukiza mtoto wake. Dawa ilikuwa ghali mno kwa nchi zetu. Basi yakaanza majaribio ya namna fupi na rahisi zaidi ya kutoa dawa hizo, likiwamo jaribio lililoitwa Petra, lililofanywa Afrika Kusini, Uganda na hapa kwetu Dar es Salaam. Katika jaribio hilo kundi moja la akina mama lilipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, ili lilinganishwe na waliopewa dawa. Mwezi Septemba 1997 madaktari Peter Lurie na Sidney Wolfe walishambulia majaribio ya aina hiyo katika New England Journal of Medicine, na mhariri Marcia Angell akayafananisha na unyama wa Tuskegee, ambako tangu 1932 hadi 1972 watu weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watazamwe tu. Wakuu wa afya wa Marekani wakajibu kwa ukali. Daktari Edward Mbidde wa Uganda naye aliandika mwaka 1998, katika jarida la Science, akitaka hali halisi ya Afrika izingatiwe. Mapema mwaka huo huo, baada ya matokeo ya Thailand kujulikana, kundi la vidonge vitupu lilisimamishwa.

Nani alikuwa na haki katika mabishano yale? Wasomi hawajakubaliana hadi leo, wala si kazi ya makala hii kuamua. Ninalosema ni kwamba hoja hiyo ilihusu matumbo ya akina mama wa Dar es Salaam, ikabishaniwa katika majarida ya Massachusetts na Washington, katika lugha ambayo wengi wa akina mama hao wasingeweza kuifuata. Hata Mwafrika aliyetaka kuwatetea Waafrika ilimbidi apige hodi huko.

Au tuchukue chanjo ya malaria. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwamo katika jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S lililoanza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kwa awamu ya mwanzo, nchi zilizotangulia zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Huenda sababu zilikuwa nzuri. Lakini mzazi wa Korogwe anastahili kuelezwa sababu hizo kwa lugha ile ile aliyoombewa mkono wa mwanawe.

Hapa ndipo wenye kasumba hutoa jibu lao la siku zote, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea taaluma nzito. Jibu hili linashangaza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, wakajifunza habari za malaria, kichocho na kuhara, yote kwa Kiswahili, nao wakatoka wakachimba vyoo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Na kama Kiswahili kinatosha kumweleza mkulima wa Ihanja hatari za utafiti hadi akatia dole gumba kisheria, kinakosaje kutosha kumweleza kilichopatikana? Ama fomu ile ni halali na lugha inatosha, ama lugha haitoshi na ridhaa zote tulizokwisha kuzichukua ni batili. Ndugu zetu wachague.

Wengine husema jarida la Kiswahili halitampandisha mtu cheo. Hili ni kweli zaidi, na ndiyo siri yenyewe. Mhadhiri huhesabiwa makala zake za "kimataifa", na kimataifa maana yake ni Ulaya na Marekani. Brazili hawakungoja ruhusa ya mtu: tangu mwaka 1993 Baraza lao la Madaktari limekuwa likitoa Revista Bioética kwa Kireno, na leo husomwa bila malipo. Kwetu Chama cha Madaktari kina jarida lake, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina lake. Yote mawili ni ya Kiingereza.

Basi Taasisi hiyo, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Baraza la Kiswahili la Taifa waketi pamoja waanzishe jarida la maadili ya tiba kwa Kiswahili, likihaririwa kwa ukali ule ule wa majarida mengine, na vyuo vikuu vilipe hadhi sawa katika kupandisha vyeo. Nakala ziende katika vyuo vya ualimu na katika kila halmashauri. Mwalimu aliyetia sahihi ya ushahidi apate mahali pa kuuliza kile alichokishuhudia.

Na liko jambo lisilohitaji hata fedha. Cheti cha kibali cha utafiti kimekuwa kwa miaka mingi na masharti yaliyochapwa: taarifa ziende Wizarani, kwenye Taasisi, kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya, na nakala za machapisho zifike Wizarani na kwenye Taasisi. Katika orodha hiyo pawekwe mstari mmoja zaidi: muhtasari wa matokeo, kwa Kiswahili, ubandikwe katika ofisi ya mtendaji wa kijiji kilichotoa damu, kabla makala haijapewa ruhusa ya kuchapwa popote.