Daftari la Wiki: Saa ya Jua Milimani Lushoto

Saa ya jua hutengenezwa kwa kufuata mahali itakapokaa. Fimbo yake ya kivuli sharti iwe sambamba na mhimili wa dunia. Kwa hiyo London fimbo huinuliwa digrii 51 na nusu, lakini Lushoto, iliyo karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, hukaribia kulala kabisa. Michoro ya Ulaya yenye pembetatu iliyosimama juu ya sahani haifai kunakiliwa katika milima hii ya Usambara. Mistari yake ya saa ingesongamana katikati.

Kinachofaa huku ni chepesi zaidi: ubao wa sentimita 80 kwa 40 na kipande cha nondo kilichonyooka. Nondo hukatiza katikati ya ubao, sambamba na upande mfupi, ikishikwa na vibao viwili, sentimita 10 juu ya ubao. Mstari wa saa sita huchorwa chini yake hasa. Saa tano na saa saba hukaa sentimita 2.7 kutoka hapo, moja kila upande. Saa nne na nane, 5.8; saa tatu na tisa, 10; saa mbili na kumi, 17.3; saa moja na kumi na moja, 37.3. Saa za asubuhi huwa magharibi, kwa kuwa ndiko kivuli kinakoangukia.

Kazi yenyewe hasa ni kuuelekeza ubao, na haitaki haraka. Kijiti husimamishwa wima kwa timazi, duara likachorwa kukizunguka. Alama huwekwa ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, na tena mchana. Mstari unaounganisha alama hizo huenda mashariki-magharibi. Nondo huukata kwa pembe mraba. Mwisho, ukingo wa kusini huinuliwa sentimita 3 na kitu.

*

Saa ya jua na simu hazitalingana, na zote ni sahihi. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45. Lushoto ipo kama digrii 38.3, na kila digrii ni dakika 4. Basi ili kupata saa ya simu, kwenye saa ya jua huongezwa dakika 27 kwa wastani: karibu 41 katikati ya Februari, 11 tu mwanzoni mwa Novemba.

*

Lushoto mjini ni bondeni, na jua huchelewa kuvuka vilima. Hilo haliharibu kipimo. Kivuli kikifika tu huangukia saa yake. Ukungu wa Juni na Julai ndio unaoinyamazisha saa ya jua.

*

Kwa mwenye kuswali, ubao huu una faida ya pekee. Karibu na Machi 8 na Oktoba 5 jua hupita utosini na kijiti hukosa kivuli adhuhuri. Siku hizo Alasiri, ambayo huingia kivuli kikilingana na kimo cha kitu, huanza kivuli cha nondo kikifika mstari wa saa tisa, sentimita 10 kutoka katikati.