Kariakoo ni ya nani hasa?

Najua wengi mmezama kwenye madesa na mitihani ndiyo hiyo inabisha hodi, ila kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, bora nilitoe. Mkichoka kusoma ya lekcha, someni haya.

Hosteli kwetu mjadala ulikuwa Kariakoo. Mmoja akaanza na Wachina, kwamba wamejaza maduka, warudi kwao. Mwingine akadakia Wakongo. Hazijapita dakika kumi tumeshafika kwa Wakinga na Wachaga, eti "wamejimilikisha" mitaa. Kwa hesabu ile, Kariakoo nzima hakuna anayestahili kubaki! Nikauliza tu, jamani, mwenyeji wa Kariakoo ni nani? Hakuna aliyenijibu, kwa hiyo najijibu mwenyewe.

Tuanze na jina. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wao wa vita walipigishwa kambi eneo hili. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza, ikawa Kariakoo. Ndugu zetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni ile ile. Wapagazi hao walikusanywa kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na pembe nyingi za nchi hii, wengi kwa nguvu. Kwa hesabu rasmi peke yake, zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Kwa hiyo mtaa tunaougombania uliitwa kwa jina la watu waliotolewa makwao wakabebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu.

Hata mitaa inasema. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti: tunapita pale kila siku kutafuta chaja na viatu, kumbe ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini, upande wa Lindi. Ukienda mbele kidogo unakuta mtaa wa Nyamwezi, mtaa wa Congo, mtaa wa Swahili, Pemba, Mafia. Mji mzima wa watu waliotoka mahali.

Halafu wakoloni wakaupanga mji kwa rangi. Wazungu upande wa bahari, Wahindi na biashara zao katikati, Waafrika huku Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama uzio. Wazaramo wa jirani wakakutana na Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, Wanubi, Wangazija na wengine kibao. Na hawakukaa kila kabila kivyake. Nyumba ya Kiswahili unaijua ilivyo: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma, choo kimoja, baraza mbele. Mwenye nyumba kabila hili, wapangaji makabila mengine matatu. Mama anapika uani na jirani yake anapika hapo hapo. Utagombana kwa lugha gani? Kiswahili tu. Mimi nasomea ualimu, nimefundishwa mbinu za kufundisha lugha mpaka nimechoka, lakini sijaona darasa la Kiswahili lililoushinda ua wa Kariakoo.

Ndiyo maana siasa ya uhuru ilipata makao pale. African Association ilianzishwa mjini hapa mwaka 1929, na mmoja wa waasisi wake ni Kleist Sykes, ambaye baba yake alitoka Msumbiji akiwa askari wa Wajerumani. Mwanawe, Abdulwahid, ndiye aliyekuwa akimpokea nyumbani kwake Kariakoo mwalimu mmoja wa Pugu, Mzanaki wa Butiama, ambaye 1953 akachaguliwa kuongoza TAA. Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, jina la Mkongo. Sasa wewe unayesema Wakongo waondoke Kariakoo, uanze na kibao cha mtaa basi.

Hata mpira! Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zote zina makao hapo hapo. Nusu ya nchi inashindwa kulala kwa ajili ya timu mbili za mtaa wa wapagazi.

Sasa najua mtaniambia, wewe unaleta historia, wenzako wanalia na kodi ya fremu. Sawa kabisa, hilo siliruki. Malalamiko ya mfanyabiashara mdogo ni ya kweli: mtu anayeagiza kontena zima akifungua na duka la rejareja pembeni yako, wewe unayenunua dazeni mbili huna pa kuponea. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo kutengeneza simu na uwakala wa kutuma fedha. Mtu anaweza kuiunga mkono au kuipinga, ni mjadala halali wa sheria na leseni. Ila leseni ni karatasi, inaulizwa kwa kila mtu sawasawa. "Warudi kwao" si sheria, ni kauli, na kauli hii haina breki. Mmeona wenyewe ilivyotoka kwa Mchina ikafika kwa Mchaga bila hata kupumzika njiani.

Tena inatuficha hatari halisi. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa. Kabla yake, Julai 2021, soko lenyewe lililofunguliwa 1975, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, liliungua. Hayo yote hayakuhusu nani kazaliwa wapi. Swali la maana ni nani anakagua nguzo, nani anaruhusu kuchimba chini ya jengo lenye watu, na bomba la zimamoto lina maji au halina. Siku ghorofa lilipoanguka, vijana waliokimbilia kuchimba vifusi kwa mikono hawakuuliza kabila la aliyefukiwa.

Nasema haya kwetu sisi hasa, wana-ualimu. Mwakani wengine tutakuwa mbele ya vijana sitini wa kidato cha pili, na tunachokiongea kitandani leo ndicho kitakachotutoka darasani. Badala ya kuwakaririsha vita ya kwanza ya dunia kwa tarehe za Ulaya, chora ramani ya Kariakoo ubaoni, uwaulize majina ya mitaa yametoka wapi. Wataanza kutaja bibi na babu zao walitoka wapi, na utaona darasa zima halina "mwenyeji" hata mmoja. Hapo ndipo uraia unapoanza kueleweka.

Msimamo wangu ndio huo: Kariakoo ni ya anayefanya kazi pale kwa haki, na ya waliozikwa bila majina wakaiachia jina. Mwenye hoja tofauti anajua chumba changu, aje, chai ipo ila sukari aje nayo, bumu bado.

Nawasilisha.