Mgeni wa Kipupwe na Bakuli la Makaroni



Leo tunaipinga dhana moja: kwamba mgeni asipowekewa pilau au biriani basi hajaheshimiwa. Dhana hii inawaumiza mabiharusi wengi. Wiki ya mwanzo tu ndani ya nyumba, mume hajapata mshahara, wageni wako njiani, na bibi harusi anakopa nyama kwa mangi ili asisemwe.

Tuchukue Mkuyuni, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, Morogoro. Bibi harusi wa kisiwani akiolewa huko, kipupwe cha Juni hadi Agosti kitampokea na upepo wa mlimani ambao sisi wa pwani hatujauzoea. Na kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, kwa hivyo mjomba wa mume si mgeni wa kupita. Akija jioni ya baridi, lazima ale, ashibe na apate joto.

Rai yetu: mpikie saladi ya makaroni. Si ile ya baridi ya kwenye hoteli, bali ya uvuguvugu na yenye kushiba. Makaroni makavu hukaa kabatini miezi bila kuharibika, na vingine vyote utavipata huko huko. Mgeta, upande wa pili wa milima, kunalimwa karoti na kabichi. Mkuyuni yenyewe na vijiji jirani ni nchi ya viungo: pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki.

Kwa watu sita hadi wanane, chemsha makaroni nusu kilo katika maji mengi yenye chumvi, uyatoe yakiwa bado magumu kidogo. Kando uwe na vikombe viwili vya maharage yaliyokwisha kuiva, kuku wa kukaanga aliyechambuliwa, karoti, kabichi iliyokatwa nyembamba na pilipili boga, ambayo bara wanaiita hoho. Pasha mafuta, tia thomu na vitunguu, kisha bizari nyembamba na pilipili manga iliyotwangwa saa hiyo hiyo. Mimina juu ya makaroni yangali moto, kamulia ndimu mbili, changanya na vilivyobaki. Ukichanganya yakiwa moto, ndimu na viungo huingia ndani. Yakishapoa, hubaki juu juu tu.

Mayonesi iache. Ni ghali, na nyumba isiyo na friji haiiwezi. Hata bila mayonesi, usiandae asubuhi kwa mgeni wa jioni. Pika karibu na wakati wake, na kilicholala nje zaidi ya saa mbili usimpe mtu.

Tunajua litakalosemwa: "Katulisha chakula cha watoto!" Ndiyo maana tunasema maharage na kuku visikosekane, na mama mkwe aulizwe kabla. Kumuuliza ni adabu, na sahani aliyoshauriwa mwenyewe hataisema vibaya. Wala hatusemi pilau ife. Harusini na kwenye khitma ina nafasi yake. Tunachokataa ni kuifanya kipimo cha mwanamke kila mlango unapobishwa.

Dini yetu imetufunza kumkirimu mgeni, na ikatukataza israfu. Mafunzo hayo mawili huenda pamoja. Nabii Ibrahim (a.s.) alipojiwa na wageni, aliingia kimya kimya kwa watu wake akatoka na ndama wa kuchoma. Wengi wetu hukumbuka ndama tu. Tukumbuke pia kwamba alitoa kilichokuwa nyumbani kwake, alifanya haraka, na hakuwaonesha wageni taabu yake.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyeachiwa deni la wiki tatu hakupona. Basi mabiharusi wetu, pikeni mnachokimudu, kiwe cha moto na kitamu, mkae na wageni wenu mzungumze. Na nyinyi mama wakwe na mawifi mnaotusoma, mkikuta bakuli la makaroni mezani, semeni bismillahi mle, kisha mumwombee dua aliyepika.